Msaada: bango la mvua na joto la wilaya linalosomeka bila mtu wa kulieleza

Gridi_Kongwa

Habari wakuu. Natengeneza bango la A2 la kubandikwa ofisi za kata na kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, pamoja na toleo dogo la kusambazwa WhatsApp. Walengwa ni wakulima wa mtama, alizeti na mahindi, halafu madiwani wanaopitisha bajeti. Data iliyopo:

- mvua ya kila mwezi ya CHIRPS (makadirio ya satelaiti na vituo vya ardhini), Januari 1981 hadi Desemba 2024
- joto la ERA5-Land (makadirio ya modeli ya hali ya hewa) la miaka hiyohiyo
- kipimamvua kimoja cha ardhini, cha kila siku, chenye mapengo

Rasimu ina grafu moja yenye mihimili miwili: nguzo za buluu za mvua upande wa kushoto, mstari mwekundu wa joto ukisomwa kulia. Chini yake kuna ramani ya wilaya kwa rangi za upinde wa mvua. Kichwa: "Mabadiliko ya Tabianchi Wilaya ya Kongwa 1981–2024".

Walioonyeshwa rasimu wanaisoma kila mtu kivyake. Wapo wanaosoma mstari wa joto kwa namba za mvua, na wapo wanaosema pale mstari unapokata nguzo ndipo ukame ulipoanza. Kwenye ramani hakuna anayejua manjano ni neema au ni balaa.

Naomba ushauri: grafu nizitenganishe? Wastani nichukue wa miaka ipi? Rangi gani zinahimili fotokopi? Na utabiri wa msimu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) unaweza kukaa kwenye bango hilohilo?

---

kipimamvua

Mkuu, hiyo grafu ya mihimili miwili ivunje leo. Mahali mstari unapokata nguzo hapana maana yoyote. Skeli zote mbili umezichagua wewe. Anza upande wa kulia kwa nyuzi 18 badala ya 22 na makutano yote yanahama. Weka grafu mbili, moja juu na nyingine chini, zenye mhimili mmoja wa miaka, mwaka ukae chini ya mwaka wake.

Kuna kosa lingine linaloelekea kuwemo humo. Umeandika 1981–2024, kwa hiyo nadhani umejumlisha mvua Januari hadi Desemba. Kongwa ni ukanda wa msimu mmoja: mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili. Ukikata tarehe 31 Desemba unaunganisha mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine, na msimu mbovu unajificha nyuma ya jirani yake. Tumia mwaka wa mvua, Julai hadi Juni. Kwenye Excel ongeza safu moja, kama tarehe iko A2:

=IF(MONTH(A2)>=7,YEAR(A2)+1,YEAR(A2))

Julai 2023 hadi Juni 2024 zote zitapata namba 2024, halafu unajumlisha kwa SUMIF. Kwenye grafu usiandike 2024 peke yake, andika 2023/24, maana ndivyo msimu unavyotajwa.

Kwa data yako msimu kamili wa kwanza ni 1981/82 na wa mwisho 2023/24. Hiyo ni misimu 43. Januari–Juni 1981 na Julai–Desemba 2024 zitupe nje. Ukizisahau utapata nguzo mbili zilizokatika pembeni, na ile ya mwisho ndiyo itakayopigiwa kelele kuliko zote kwamba "mwaka huu hali imekuwa mbaya sana".

Wastani: chukua misimu 30, 1990/91 hadi 2019/20. Inakaribiana na kipindi cha kawaida cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, 1991–2020, na ndicho kipindi ambacho wakulima wengi walio hai wanakikumbuka. Kisha chora tofauti na wastani kwa milimita: nguzo zinazopanda ni ziada, zinazoshuka ni pungufu. Kwenye mstari wa sifuri andika wastani wenyewe ("0 = wastani wa msimu, milimita fulani"), vinginevyo mtu akiona -120 hajui kama amepoteza robo ya mvua au nusu.

Asilimia zitumie kwa jumla ya msimu tu, kamwe usitumie kwa mwezi mmojammoja. Julai wastani wa Dodoma unakaribia sifuri. Zikinyesha milimita 5 za bahati, hesabu inakupa ziada ya mamia ya asilimia na rangi kali kuliko mafuriko ya Januari. Miezi ya kiangazi iachwe kijivu.

Mstari wa mwelekeo, ule unaouweka Excel kwa kubofya mara moja: usiuchore kabla ya kupima. Mvua ya nyanda kavu inatikisika mno msimu hadi msimu. Fanya jaribio la Mann-Kendall (linapima kama mwelekeo upo kweli) na mteremko wa Sen (unapima ukubwa wake). Mwelekeo ukishindwa kujitofautisha na mtikisiko, acha nguzo zijisemee. Na jaribu kuanzia miaka tofauti. Ukianza na 1997/98, msimu wa El Niño ile kubwa, karibu chochote kitakachofuata kitaonekana kinaporomoka. Mwelekeo unaokufa ukiondoa msimu mmoja hauna haki ya kukaa ukutani kwa miaka.

Kipimamvua cha ardhini: kabla ya lolote tafuta -99, -99.9 na -9999. Ndivyo vituo vinavyoandika "hakuna kipimo", na programu inazijumlisha kama mvua hasi. Mwezi wenye hata siku moja iliyokosekana usiujumlishe; wastani wa joto unaweza kuvumilia siku chache, jumla ya mvua haivumilii, kwa sababu siku hiyo moja inaweza kuwa ndiyo ya milimita 60.

---

wino_na_karatasi

Naongezea upande wa rangi na uchapaji, kwa sababu hapo ndipo mabango mengi yanapofia.

Upinde wa mvua uondoe kabisa. Manjano yake inang'aa kuliko rangi zote, jicho linakimbilia katikati ya skeli mahali ambapo hakuna jambo, na kati ya kijani na buluu hakuna anayeweza kusema ipi ni zaidi bila kurudi kwenye ufunguo. Kanuni ni mbili tu. Kiasi (milimita ngapi zimenyesha): rangi moja, kutoka hafifu kwenda nzito. Tofauti na wastani: rangi mbili zinazopishana katikati, na katikati pawe peupe.

Kwa mvua, kahawia kwa ukavu na kijani-buluu kwa unyevu inaeleweka vizuri, na ripoti za IPCC (jopo la kimataifa la tabianchi) zinaitumia hivyo. Nyekundu na buluu ziachie joto. Ukitumia nyekundu kwa ukame kwenye grafu ya juu na nyekundu kwa joto kwenye grafu ya chini, umewarudisha watu palepale pa mihimili miwili. Na nyekundu dhidi ya kijani usiiguse: katika wanaume wenye asili ya Ulaya takriban mmoja kati ya 12 hazitofautishi vizuri, na kwetu pia wapo.

Sasa fotokopi. Chukua kahawia ya ColorBrewer (seti za rangi za ramani), #a6611a, na kijani-buluu yake, #018571. Zikigeuzwa kijivu kwa fomula ya kawaida (0.299 nyekundu, 0.587 kijani, 0.114 buluu) ya kwanza inakuwa 110 na ya pili 91, katika skeli ya 0 hadi 255. Kwenye mashine ya steshenari yenye tona iliyochoka, hizo ni kijivu kilekile. Ukame na mafuriko vimekuwa kitu kimoja.

Kwa nguzo hilo halikusumbui, maana kupanda na kushuka kunabeba ujumbe wenyewe na rangi ni ya kusaidia. Kwenye ramani linakuua. Dawa yake ni kupunguza madaraja yawe matatu: pungufu kwa michirizi ya mshazari, kawaida nyeupe, ziada kwa rangi tupu iliyojaa. Jaribio ni rahisi: piga fotokopi ya rasimu, kisha piga fotokopi ya hiyo fotokopi. Kisichosomeka kwenye ya pili hakitasomeka kijijini.

Ukubwa wa herufi. Gawanya umbali wa msomaji kwa 200 upate kimo cha herufi kubwa. Kwa mita 2 ni milimita 10, yaani fonti ya pointi 40 hivi. Kichwa kiende zaidi ya hapo. Namba za mihimili zisishuke chini ya pointi 24, ambazo zinasomeka kutoka mita 1.2, mtu akiwa amesogea. Rasimu nyingi zina pointi 10 kwa sababu zilichorwa kwenye laptopu kwa ukubwa wa A4 kisha zikatanuliwa.

A2 ikilazwa ina upana wa milimita 594. Ondoa pembeni na namba za mhimili, unabaki na 500 hivi. Gawanya kwa misimu 43 unapata milimita 11.6 kwa msimu. Nguzo 9, nafasi 2.6. Andika majina ya misimu kila baada ya mitano, yasomeke kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida. Maandishi yaliyolazwa ubavuni hayasomwi na mtu aliyesimama.

Peleka PDF, usipeleke faili la PowerPoint, na kwenye Inkscape (programu ya kuchorea) geuza kwanza maandishi yote yawe maumbo kwa "Object to Path". Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, na namba za mhimili zitahama zisikae mkabala na mistari yake.

Toleo la WhatsApp lisiwe bango lililofinywa. Lichore upya: pikseli 1080 kwa 1350, grafu moja tu, maandishi yasipungue pikseli 40. Kwenye kioo cha upana wa milimita 68 hizo ni milimita 2.5, ndiyo mwisho wa kuvumilika. Chanzo cha data na tarehe viandike ndani ya picha yenyewe, kwa sababu ikishasambazwa mara mbili maelezo ya chini yanakatika. Ukitaka isifinyangwe itume kama dokumenti.

---

Gridi_Kongwa

Asanteni sana, hesabu ya Julai–Juni nimeipitia na nguzo zimebadilika kweli. Kuhusu joto, kuna aliyenishauri niweke ile michirizi ya rangi ya Ed Hawkins badala ya grafu, na nichore mstari wa nyuzi 1.5 ili watu waone tumefikia wapi. Inafaa? Na kichwa kipya nimeweka "Misimu mingi ya miaka ya karibuni iko chini ya wastani".

---

nyuzi_moja_na_nusu

Mstari wa 1.5 usiuweke kwenye grafu ya Kongwa. Ile ni namba ya Mkataba wa Paris kwa dunia nzima, nchi kavu na bahari pamoja, ikilinganishwa na 1850–1900. Grafu yako inalinganisha wilaya moja na 1991–2020. Ni vipimo viwili visivyokutana.

Ona jinsi kianzio peke yake kinavyobadilisha namba. Copernicus, huduma ya tabianchi ya Ulaya, wanasema mwaka 2024 dunia ilikuwa juu ya wastani wa 1991–2020 kwa nyuzi 0.72. Kipindi hicho chenyewe wanakihesabu kuwa nyuzi 0.88 juu ya 1850–1900. Jumlisha: 1.60. Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa mwaka huohuo wanasema 1.55, kwa sababu wanachukua wastani wa hifadhidata sita. Zote ni sahihi. Diwani akiona 0.72 kwenye bango lako, 1.55 redioni na 1.60 mtandaoni, bila neno "ikilinganishwa na…" chini yake, atasema wataalamu wenyewe hawaelewani. NASA nao kianzio chao ni 1951–1980 na HadCRUT5, hifadhidata ya joto ya Uingereza, ni 1961–1990, kwa hiyo ukinakili grafu mbili kutoka tovuti mbili usiziweke pamoja kabla ya kuzihamishia kianzio kimoja. Kuzihamisha ni kazi ya dakika: kwa kila hifadhidata toa wastani wake yenyewe wa 1991–2020.

Michirizi (mstari mmoja wa rangi kwa kila mwaka, buluu baridi, nyekundu joto): Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliitoa 2018 makusudi bila mhimili wala namba, ivute macho ya mpita njia. Hiyo kazi inaifanya vizuri mno. Ila ujue skeli yake. Kwa nchi mojamoja rangi zinatandazwa hadi mara 2.6 ya mtawanyiko sanifu (kipimo cha miaka inavyopishana) juu na chini ya wastani, mtawanyiko wenyewe ukiwa wa miaka 1901–2000 ya mahali hapo. Tropiki mwaka haupishani sana na mwaka, mtawanyiko ni mdogo, kwa hiyo nyuzi 0.8 kwetu zinatoa wekundu wa damu ambao Uingereza ungehitaji nyuzi nyingi zaidi. Si udanganyifu, ongezeko dogo mahali palipozoea utulivu ni jambo zito. Lakini mtu akiweka michirizi ya Dodoma na ya London pamoja akasema huku kumepanda zaidi, amekosea.

Tena data yako inaanzia 1981, huna karne ya kupimia. Ukitumia kipimo cha chini na cha juu cha data yenyewe kuwa ncha za rangi, kila wilaya duniani itaonekana imetoka buluu ya bahari ikaishia wekundu wa makaa. ERA5-Land inarudi hadi 1950, pakua yote.

Ushauri wangu: mchirizi mwembamba wa sentimita 3 juu ya bango uwe pambo lenye maana, chini yake grafu ya kweli. Nukta kwa kila mwaka, mstari laini wa wastani wa miaka 10, mhimili wa nyuzi halisi. Hapa mhimili hauhitaji kuanza sifuri. Nguzo lazima zianze sifuri kwa sababu jicho linapima urefu. Mstari jicho linapima mteremko. Mwaka 2015 ilisambaa Marekani grafu ya joto la dunia iliyochorwa kwa mhimili wa -10 hadi 110 Farenhaiti, mstari ukalala kama barabara ya lami. Hakuna namba iliyopotoshwa pale, skeli tu. Kwa Kongwa acha nafasi ya nusu nyuzi juu ya mwaka wa joto kuliko yote na nusu chini ya wa baridi kuliko yote, basi.

---

kipimamvua

Hicho kichwa kipya mkuu kina mtego. Chini ya wastani ni jambo la kawaida. Takriban nusu ya misimu itakuwa chini daima, ndiyo maana ya wastani. Na mahali pakavu nusu inazidi, kwa kuwa misimu michache yenye gharika inauvuta wastani juu. Unaweza kuandika hivyo kwa wilaya yoyote, karne yoyote.

Hesabu misimu iliyopungua kweli. TMA wanaita "chini ya wastani" mvua iliyo chini ya asilimia 75 ya wastani wa muda mrefu, "wastani" ni 75 hadi 125, na "juu ya wastani" ni zaidi ya 125. Hayo maneno watu wanayasikia redioni kila msimu, tumia mipaka hiyohiyo. Chora mistari miwili hafifu kwenye grafu, ya 75 na ya 125, jaza rangi nguzo zinazoivuka tu, zilizobaki ziwe kijivu. Halafu kichwa kiwe hesabu: misimu mingapi kati ya 43, na mingapi kati ya hiyo imeangukia baada ya 2003, yaani nusu ya pili ya kipindi. Ikitoka sare, andika sare.

---

wino_na_karatasi

Mimi hapo natofautiana kidogo na mheshimiwa. Kichwa cha hesabu ni kizuri kwa madiwani. Mkulima anayepita na gunia begani anataka swali lake: "Mvua za Kongwa zimepungua?" Jibu kwa maneno matatu chini yake, kisha grafu. Hesabu ikae mstari wa tatu kwa herufi ndogo.

---

kipimamvua

Swali nakubali, ilimradi jibu liruhusiwe kuwa "hapana" au "haijulikani bado". Nimeona mabango yanayouliza swali ambalo jibu lilishaamuliwa na aliyelipia uchapaji.

---

mipaka_sahihi

Nazungumzia ramani tu. CHIRPS ina seli (miraba ya gridi) za nyuzi 0.05 za latitudo na longitudo, kilomita 5.5 hivi kwa kila upande. Kongwa ina kilomita za mraba elfu nne na kitu, kwa hiyo unapata seli kama 130. ERA5-Land ni nyuzi 0.1, utapata thelathini na kitu. Usizilainishe zionekane kama rangi iliyomwagika. Ulainishaji unaunda mipaka isiyokuwepo, na mtu atakuonyesha kijiji chake kiko upande gani wa mstari ambao programu imeubuni. Acha miraba ionekane, au pata wastani wa kila kata ukapake rangi kata nzima. Kwa bango la ofisi ya kata la pili ni bora. Kila mtu anatafuta kata yake kwanza.

Vipimamvua vikiwa vitatu au vinne wilaya nzima, ramani ya kukadiria kati yao (ile ya IDW, yaani kukadiria kwa umbali kutoka kila kituo, kwenye programu ya ramani ya QGIS) itakupa miduara kama shabaha kuzunguka kila kituo. Miduara hiyo ni vituo vyenyewe, mvua haina umbo hilo. Vituo vichache vionyeshe kama nukta zenye namba.

Faili la mipaka likague kabla. Bado yanazunguka mafaili yenye mikoa 26, kabla ya Geita, Simiyu, Njombe na Katavi za 2012 na Songwe ya 2016. Ukikuta kiramani chako cha Dodoma hakina wilaya ya Chemba, umeshika la zamani. Na ukiweka ramani ndogo ya nchi pembeni, Unguja na Pemba zionekane. Kwenye gridi kubwa zinamezwa na seli za bahari.

CHIRPS yenyewe inachanganya picha za satelaiti na vituo vya ardhini, na idadi ya vituo vinavyoingia imekuwa ikipungua. Mwelekeo mdogo wa miaka ya mwisho usiuamini bila kuulinganisha na kipimamvua chako. Matoleo mawili ya data usiyaunge katikati.

---

Gridi_Kongwa

Nimeelewa. Utabiri je? Na bosi anataka picha ya theluji ya Kilimanjaro juu ya bango, anasema ndiyo watu wanayoijua.

---

nyuzi_moja_na_nusu

Utabiri usiuweke kwenye bango hili. Bango litakaa ukutani hata miaka mitano, utabiri unakufa Aprili. Tengeneza karatasi ya A4 ya kubandikwa kando, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Mwisho wa matumizi: 30 Aprili" na mwaka wake.

Ramani za ICPAC (kituo cha tabianchi cha kanda ya IGAD) na za mikutano ya utabiri zinaonyesha uwezekano wa makundi matatu, na rangi inaonyesha kundi lililoongoza tu. Eneo la 45/35/20 (asilimia za juu ya wastani, wastani na chini) linapakwa kijani, msomaji anaondoka na "mvua nyingi mwaka huu", au mbaya zaidi, "mvua itakuwa asilimia 45". Chora miraba 20: 9 ya juu ya wastani, 7 ya wastani, 4 ya chini. Maelezo: "Misimu 20 yenye dalili kama hizi, 4 kati yake mvua hupungua." Hapo anayepanga kuuza akiba yote ya mtama anaona ile minne.

Angalia pia: makundi hayo matatu yanatokana na kugawa misimu ya nyuma mafungu matatu sawa. Mpaka wake si asilimia 75. Ukitumia "chini ya wastani" kwa maana ya 75 kwenye bango na kwa maana ya theluthi kwenye A4, maneno ni yaleyale na mipaka tofauti. Kwenye A4 andika milimita za mpaka.

Kilimanjaro: mweleze bosi kwamba haijibu swali la Kongwa. Na mfano wenyewe una miiba. Barafu ilipungua kutoka kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011, asilimia 85 imekwenda. Lakini kule juu hewa kuwa kavu na jua kuilamba barafu bila hata kuyeyuka vimechangia sana, na upungufu ulianza zamani; ukiandika chini yake "joto limeyeyusha" utasahihishwa hadharani. Akishikilia, chora maeneo mawili. Na hapa wengi wanateleza: 11.40 ni mara 6.5 ya 1.76, kwa hiyo kipenyo cha duara kubwa kiwe mara 2.5 tu ya dogo. Ukikuza kipenyo mara 6.5, eneo linakuwa mara 42.

---

kipimamvua

Kitu ambacho hujakiuliza na wakulima watakuuliza: mvua zinaanza lini siku hizi. Jumla ya milimita haiwaambii. Hapo chora nukta: misimu ikishuka kwenye mhimili wa wima, tarehe kuanzia 1 Novemba hadi 31 Januari zikienda kulia, nukta moja kwa msimu. Nukta zikisogea kulia kadiri unavyoshuka, mtu anaona mwenyewe bila kuambiwa.

Kigezo kiandike pembeni: milimita 20 ndani ya siku 3, zisifuatwe na siku 10 kavu mfululizo ndani ya siku 30 zinazokuja, siku kavu ni chini ya milimita 1. Bila sharti la pili utakamata mvua za kupandia zilizowahadaa watu, mbegu zikaungua. Msimu ambao kigezo kilidanganywa kwanza uweke duara tupu kwenye tarehe ya uongo na nukta iliyojaa kwenye tarehe ya kweli. Hiyo duara tupu ndiyo watakayoijadili kuliko kitu kingine chochote kwenye bango.

Usitumie CHIRPS ya kila siku kwa hili. Data yake ya msingi ni ya siku tano tano, siku mojamoja zimegawanywa baadaye, kwa hiyo siku kavu zake haziaminiki. Tumia kipimamvua chako, na msimu wenye pengo kati ya Novemba na Januari uache mstari wake mtupu ukiwa na neno "haikupimwa".